Mguu wa Kushoto wa Ubaldo

Benchi la kona ya Los Sitios, mtaa wa Havana, ni la saruji, lina ufa katikati, na kila anayeheshimika mtaani anajua upande wake. Upande wa kivuli ni wa Kocha, aliyecheza besiboli na kuwafundisha watoto wa pale mpaka bega likamkatalia. Juu ya ufa hukaa Msomaji, ambaye kwa miaka thelathini aliwasomea magazeti na hadithi wasokotaji wa sigara kiwandani, na hadi leo hawezi kukuomba chumvi bila kupaza sauti ya kusikiwa na watu mia mbili. Upande wa jua ni wa mzee Crescencio, fundi viatu wa kundi la baleti, ambaye watu walishalisahau jina lake wakamwita Msharasi, kwa sababu chombo hicho, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, hakimtoki mkononi. Kahawa hutoka dirishani nyuma yao, kwa Migdalia, nayo ni ile ya mgao, nusu kahawa nusu njegere, lakini thubutu useme hivyo mbele yake. Alhamisi ile, saa nne asubuhi, dhumna zilikuwa bado zimelala kwenye boksi lao hazijaguswa, maana Jumapili Ubaldo Quesada, mcheza baleti, mtoto wa mtaa ule ule, alikuwa anapanda jukwaani kwa mara ya mwisho.

— Msinibishie, alianza Kocha. Ubaldo ni zao la besiboli, tena zao langu mimi. Nilimweka beisi ya pili akiwa na miaka minane. Mpira ukipita juu ya kichwa chake anaruka, anaudaka, anageuka hewani, anautupa, halafu ndiyo anatua. Huko ng'ambo wakamwona wakasema ni baleti. Baleti wapi! Ile ni beisi ya pili.

— Ulimweka benchi, alisema Migdalia kutoka dirishani. Mama yake alikuja kukugombeza hapa hapa ulipokaa.

— Nilimweka benchi ili apumzishe miguu!

Msomaji alikohoa kile kikohozi chake cha kunyamazisha kiwanda.

— Jamani, jamani. Besiboli imeingiaje? Mmesahau ngazi za jengo lao? Vidato saba, kuanzia cha tatu mpaka cha tisa, vilianguka vyote siku moja. Mafundi wakaja, wakapima, wakaandika, wakaondoka. Miaka sita! Watu wazima tulikuwa tunapita kwenye ubao, tunatambaa na kusali. Yule mtoto hakuwa na subira na ubao. Alikuwa anaruka kutoka kidato cha pili mpaka cha kumi, na ndoo ya maji.

— Kichwani, alisema Kocha.

— Mkononi. Ya kichwani ilikuwa ndoo ya pili.

— Na hayamwagiki?

— Tone moja, mwaka wa kwanza. Baada ya hapo hata tone.

— Aisee Msomaji, unatulisha matango pori saa nne asubuhi.

— Muulize Msharasi. Msharasi, si kweli?

Msharasi hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja marinda ya ngozi mbele ya kiatu cha kushoto, moja baada ya jingine, akitegemea vidole zaidi ya macho, kwa kuwa jicho moja lina ukungu tangu mwaka juzi. Alikuja kushonea nje kwa sababu chumbani kwake ni giza. Mfukoni mwa shati alikuwa na vitu viwili ambavyo wenzake hawakuvijua. Kimoja kilikuwa kipande cha sufu nzito, umbo la kisigino, alichokikata kwenye kofia yake mwenyewe. Cha pili kilikuwa barua.

Barua ililetwa siku tisa nyuma na dereva wa basi kutoka Camagüey, ambako Ubaldo alikuwa anazunguka na vijana wake wa baleti, pamoja na kipande cha ngozi laini ya mbuzi kilichofungwa kwenye gazeti. Haikuwa ndefu. "Mzee Cres, wanataka Jumapili nivae taji nicheze mfalme, nitembee tu. Mimi sijui. Unaujua mguu wangu kuliko madaktari, na kuliko mimi mwenyewe. Ukinishonea viatu vya kurukia, nitaruka. Ukinishonea vya kutembelea, nitatembea na sitanung'unika. Nitafika Jumamosi usiku. Alhamisi watakuja watu wa mavazi, wape."

Miaka minane nyuma, katika mji wa mbali, mshipa wa kisigino cha kushoto cha Ubaldo ulikatika katikati ya mruko. Waliushona. Daktari akamwambia atatembea vizuri tu, asahau mengine, na ukikatika tena hakuna wa kuushona. Ubaldo akarudi Havana, akakaa kwenye kigoda cha Msharasi, akavua soksi. Kile kisigino kilikuwa kimevimba upande mmoja na hakijanywea mpaka leo. Msharasi alikipapasa pande zote, kisha akaenda kuchukua kofia yake ya kwanza na mkasi. Ubaldo alicheza miaka minane zaidi juu ya vipande vya kofia, wakamwandika magazetini kwamba amezaliwa upya, na siri ile ikabaki kwa watu wawili.

Sasa viatu vilikuwa karibu kwisha. Kilichobaki ni kukiweka kile kipande cha sufu ndani ya cha kushoto, au kutokukiweka. Bila sufu, Ubaldo atajua akivaa tu kwamba mzee wake amesema hapana. Msharasi alikuwa amelala siku tisa na jambo hilo na alikuwa anaogopa. Alikuwa na hasira pia. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye medali kabati zima, anamtwisha mzee wa watu mzigo kama huu!

— Tuache ngazi, alisema Kocha. Siri yake ni pumzi. Mwaka ule aliposhinda dhahabu kule kwenye mji wa barafu, ana miaka kumi na saba, ana mafua, daktari mmoja alikaa mstari wa mbele na saa mkononi. Akahesabu. Ubaldo akiwa juu alivuta pumzi mara mbili.

— Mara mbili?

— Mara mbili, na katikati akapenga kamasi.

— Hilo dogo, alisema Msomaji. Kwenye ule ukumbi wa dhahabu, alikokaa miaka kumi na miwili akiwa mchezaji wao namba moja, mwongoza muziki aliitisha kikao. Akasema, ndugu zangu, huyu Mkuba akipanda, muziki unaisha kabla hajashuka. Ikabidi waandike ukurasa mzima wa filimbi wa kumsubiri. Wapiga fidla wanakula mkate.

— Wanakula mkate jukwaani?

— Shimoni, Kocha. Wapiga muziki wanakaa shimoni mbele ya jukwaa. Hata hilo hulijui, na unasema ni zao lako!

Migdalia alitoka na chupa ya kahawa, akawamiminia vikombe vidogo, cha Msharasi akakiweka mbali na uzi.

— Mmemaliza kutunga? Mimi nilikuwepo siku yote haya yalipoanza, nilisimama nyuma ya Zoraida, mama yake Ubaldo, hatua moja. Alikuwa ametoka kufua mashuka hospitali, ana mtoto mkononi. Tukaona foleni imezunguka kona, kina mama watupu. Zoraida akauliza nani wa mwisho, mmoja akainua mkono, tukajipanga. Nani anauliza foleni ni ya nini? Unajipanga kwanza. Tulijua ni kuku.

— Ilikuwa wiki ya mgao wa kuku kweli, alikiri Kocha.

— Tulisimama juani muda wa saa tatu. Tulipofika mlangoni mwanamke mmoja mwembamba, nywele kazivuta mpaka macho yamekaza, akamwambia Ubaldo avue viatu. Zoraida akasema, kuku wako wapi? Yule akasema, kuku gani, mama? Hii ni shule ya baleti, tunachagua wavulana. Mimi pale pale nikatoka kwenye foleni, nikamvuta na mwanangu Rolando. Zoraida hakutoka. Akasema, nimesimama saa tatu na jua hili, sirudi nyumbani mikono mitupu. Mchague.

Kocha alicheka mpaka kahawa ikamwagikia dhumna.

— Wakaushika mguu wake wakaupandisha. Ukapanda. Ukafika sikioni, mtoto anawatazama tu. Basi. Kesho yake analia hataki, Zoraida anamkokota. Keshokutwa hivyo hivyo. Alimkokota mwaka mzima. Na Rolando wangu leo anaendesha trekta Matanzas, mgongo wote umeisha. Ningevumilia dakika mbili tu.

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha haukufika machoni. Msharasi alikuwa anamkumbuka mtoto wa siku zile. Viatu vya wavulana havikuwepo, vilikuwepo vya wasichana vya waridi tu, naye akavipika kwenye machicha ya kahawa mpaka vikawa rangi ya udongo. Ubaldo alivigeuza akauliza, "Babu, hivi vinaruka?" Akamjibu, "Utaruka wewe. Viatu kazi yao kunyamaza." Alimpenda tangu siku ile na hakuwahi kumwambia.

— Jumapili atawamaliza, alisema Msomaji. Ule mruko wake wa kukata jukwaa kutoka pembe hadi pembe! Watu watahesabu kwa sauti kama wanavyohesabu siku zote, moja, mbili, tatu, na atakuwa bado yuko juu.

— Haruki, alisema Kocha.

— Nani kasema?

— Shemeji yangu anapiga deki pale ukumbini. Wamempangia mfalme. Anaingia na taji, anatembea hatua kumi na mbili, anakaa kwenye kiti, vijana wanamchezea mpaka pazia linashuka. Na mimi nasema ni sawa. Atembee.

— Wewe? Wewe uliyempa pumzi mbili hewani?

Kocha aliweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hukaa mapajani siku zote.

— Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, bado natupa mpira uwanjani. Bega lilinisemesha tangu mwezi wa pili. Nikaliambia, mechi moja tu, mbele ya watu wangu. Mpira wa saba nikalisikia linachanika, hivi, kama shuka kuukuu. Walinipigia makofi, ndiyo, uwanja mzima. Makofi yaliisha kabla sijafikishwa kwenye gari. Mke wangu ndiye anayenichana nywele mpaka leo. Avae taji, bwana. Ana binti mdogo, atataka kumbeba.

Msomaji alijisogeza kwenye ufa wake, na aliposema, sauti ilikuwa chini kiasi kwamba Migdalia ilibidi ainame.

— Walipoweka vipaza sauti kiwandani vichukue nafasi yangu, meneja aliniita. Evelio, akasema, hatukufukuzi, wewe ni hazina yetu. Utakaa mlangoni na tai nzuri, uwapokee wageni. Nikakaa. Siku ya kwanza wakanipiga picha. Siku ya pili wakanipiga picha. Siku ya tatu mgeni mmoja akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha, nikavua tai, nikaondoka. Kocha, taji na ile tai ni kitu kimoja. Wanakupa kiti ili unyamaze.

— Bora kuulizwa choo kuliko bega langu.

— Mimi bora bega lako, alisema Msomaji.

— Husemi hivyo ukiwa nalo.

— Na wewe ungekaa siku mbili na tai ile ungejua.

Walitazamana kwa hasira ya kweli, hawa watu waliogombana kila asubuhi kwa miaka kumi na tano bila hasira hata kidogo. Migdalia akaona hatari, akamgeukia Msharasi.

— Na wewe, fundi? Umemshonea maisha yake yote. Kule ng'ambo walimpa viatu vya bure akavikataa, akawa anatuma ngozi huku kwa kila anayesafiri. Hujafungua mdomo tangu asubuhi. Aruke au asiruke?

— Nashona, alisema Msharasi.

— Tunaona unashona. Tunakuuliza.

— Na mimi nakujibu. Nashona.

Lakini sindano ilikuwa imesimama. Kocha alisema kweli, na Msomaji alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi Msharasi. Aliwaza binti wa Ubaldo anabebwa. Akawaza Ubaldo amekaa kwenye kiti na taji lake, wenzake wanaruka mbele yake, anapiga makofi kwa adabu. Akatia mkono mfukoni, akagusa sufu, akautoa mkono mtupu. Saa ya kanisa iligonga saa tano na nusu.

Ndipo alipotokea mwanamke kijana kwenye kona, ana mkoba begani na daftari, anatokwa jasho, anasoma namba za milango.

— Habari za asubuhi wazee wangu. Naitwa Damaris, natoka ukumbini, idara ya mavazi. Namtafuta mzee Crescencio.

— Nani? alisema Kocha.

— Mimi, alisema Msharasi. Vimebaki kidogo, binti. Kaa.

— Vimebaki nini?

— Viatu vya Ubaldo. Si ndivyo ulivyofuata?

Damaris alifungua daftari akatazama, akageuza ukurasa, akatazama tena.

— Hapana, babu. Mimi sikuambiwa viatu. Nimetumwa namba tu. Mkurugenzi amesema lile la mfalme limeshapita, anavaa buti za kufika magotini. Fundi wa buti anataka siku tatu, na Ubaldo anafika Jumamosi usiku. Kadi za vipimo zote ziliharibika paa lilipovuja. Kwa hiyo wamenituma mtaani kwake. Mguu wake ni namba ngapi?

Wote walikaa sawa kujibu.

Kocha alifungua mdomo kwa uhakika wa mtu aliyemfundisha, kisha akaufunga. Msomaji alitazama angani, ambako miaka yote alikuwa akimwona Ubaldo amening'inia, na huko hakukuwa na namba. Migdalia akasema labda arobaini na tatu, akasema labda arobaini, akasema yeye alimjua mguu ukiwa mdogo. Wote watatu wakamgeukia Msharasi.

Msharasi alikuwa anawaza neno moja tu, buti. Katika kazi ile ameshonea wafalme kumi na mmoja, na kila mfalme alivaa buti ngumu. Hakuna mfalme aliyewahi kuvaa ngozi laini ya mbuzi yenye marinda. Ubaldo amekulia kwenye kigoda chake na hilo analijua. Viatu vya kutembelea vinavyoshonwa kwa ngozi ile havipo duniani. Kwa hiyo yule mtoto hakuwa ameuliza swali. Alikuwa ameshaamua kule Camagüey, akaogopa kulisema peke yake, akaifunga ngozi kwenye gazeti na kumtumia mtu mmoja ambaye angeielewa. Na huyo mtu mmoja, fundi wa miaka arobaini na tatu kazini, alikaa nayo siku tisa anaogopa asiione. Msharasi alijisikia aibu, na chini ya aibu akajisikia ana nguvu za kumaliza kazi.

— Sijui, binti, alisema.

— Hujui? Kocha aliruka. Msharasi! Miaka thelathini na nane umeushika ule mguu!

— Sijui namba yake.

— Hata kukisia, babu? alisema Damaris. Watanigombeza.

— Buti ya kukisia itamtoa malengelenge. Waambie Los Sitios nzima umeuliza, hakuna anayejua. Si kweli, jamani?

Aliwatazama mmoja mmoja. Msomaji ndiye aliyemwelewa wa kwanza, kwamba bila buti hakuna mfalme, akasema kwa sauti yote ya kiwandani kwamba ni kweli, hakuna ajuaye, hata marehemu Zoraida hakuijua. Migdalia akasema hajui. Kocha alichelewa. Alilishika bega lake bovu, akamtazama Msharasi kwa macho yaliyojaa machozi.

— Unajua unachofanya? alimuuliza.

— Najua, alisema Msharasi. Na ninaogopa kuliko wewe.

Kocha akashusha pumzi.

— Sijui namba yake, binti, alisema.

Msharasi alitoa kipande cha sufu mfukoni, mbele yao wote, akakiweka ndani ya kiatu cha kushoto, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikakaa. Kisha akatoboa kwa msharasi na kushona, mishono saba midogo iliyobanana. Wakakitazama kile kisigino cha sufu. Kocha ndiye aliyekielewa safari hii, akavuta hewa kwa meno.

— Mpe kahawa binti wa watu, alisema Msharasi huku anakata uzi.

— Imeisha, alisema Migdalia. Mmeimaliza na uongo wenu.

Damaris alikuwa bado amesimama na kalamu juu ya daftari.

— Sasa mimi niandike nini hapa kwenye namba?

— Paache wazi, alisema Msharasi, akamkabidhi viatu.